Dakika Ishirini za Kutulia

Saa kumi na moja na nusu jioni Mpimaji alifungua buti la gari, akapekua chini ya turubai, akapekua chini ya tairi la akiba, halafu akasimama mikono kiunoni. Fimbo ya vipimo haikuwemo. Palepale akakumbuka: asubuhi aliiegemeza nyuma ya mlango wa ofisi ili asiisahau, na huko ndiko alikoisahau.

"Nini tena?" kaka yake aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Fimbo. Nimeiacha ofisini."

"Ulitaka kumchapa nani?"

Kaka huyu watu walimwita Sisimizi, na si kwa sababu ya udogo. Alikuwa na kimo cha mita moja na sentimita sabini na nne, mabega kama mlango. Walimwita hivyo kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, vidole vinapiga mdundo pajani. Akila, kijiko kinageuka ngoma. Shuleni alichapwa kwa hilo, na kwenye misiba alikuwa anaombwa kwa heshima zote akakae nje na wapishi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kumpima suruali mume wake ilikuwa kazi ya kumfukuza chumba kizima na futi mkononi. Hata sasa, gari limezimwa, kiatu chake kilikuwa kinapiga sakafu tap, tap-tap, tap.

Mbele yao ulisimama mwamba. Ulikuwa umechomoza kando ya barabara, mweusi mweusi wenye mishipa ya kijivu, urefu wake kama nyumba ya ghorofa tatu, na sehemu ya juu ilikuwa imeinama kidogo kuelekea njia. Barabara ilikuwa inapanuliwa. Mhandisi alitaka kujua nyufa za mwamba ule zinaelekea wapi kabla haujamwangukia mtu, na alilitaka umbo lake lote, pande tatu, kwenye kompyuta, kesho saa nne asubuhi bila kisingizio.

Zamani kazi hiyo ilitaka kamba, ngazi, na mtu asiyeogopa kuvunjika shingo. Siku hizi ilitaka simu. Mpimaji angetembea mbele ya mwamba hatua kwa hatua, akipiga picha mia mbili na kitu, kila picha ikilalia kidogo juu ya mwenzake. Kisha programu ingezikusanya na kuufinyanga mwamba upya, ufa kwa ufa. Ila ina tabia yake moja, na mpimaji yeyote anaijua. Programu haijui mtu wala jiwe. Kitu kilichotulia kwenye picha zote, inakijenga. Kitu kinachosogea, inakifuta. Mbuzi akipita, hayumo. Jani likipepea, halimo. Na lazima kuwe na kitu kimoja chenye urefu unaojulikana, kimesimama wima mbele ya mwamba, la sivyo kompyuta haiwezi kujua kama imejenga mlima au kokoto.

Ndiyo maana ya fimbo.

"Turudi tukaichukue," Sisimizi alisema.

"Mwanga utakuwa umekwisha." Alimtazama kaka yake kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anayenunua kabati. "Wifi anazo namba zako zote kwenye daftari lake. Mita moja sabini na nne, sivyo?"

"Sivyo nini? Wewe! Usinitazame hivyo."

"Kaka. Dakika ishirini tu."

"Mimi? Nitulie dakika ishirini?" Alicheka mpaka gari likatikisika. "Uombe mwenge uzime wenyewe, utafanikiwa haraka zaidi."

Lakini akashuka. Hajawahi kumnyima mdogo wake kitu, tangu alipokuwa anambeba mgongoni na kumchezesha ili asilie.

Mlinzi wa mitambo ya barabara aliwaona, akaja. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti kubwa, na alitembea akija, na alipofika aliendelea kutembea palepale alipo, mguu huu, mguu ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mnapita tu?"

"Tunapiga picha za mwamba. Nusu saa hivi."

Mzee akaangalia simu, akamwangalia Sisimizi aliyekuwa tayari anacheza na mawe kwa ncha ya kiatu, akaonekana kuridhika. "Huyo hana neno," alisema. "Pigeni. Ila msitulie."

"Msitulie vipi?"

"Msitulie tu, binti. Hapo mbele yake watu hawatulii." Mguu huu, mguu ule. "Wenzangu wa barabara chai yao ya saa nne wanainywa wakitembea. Hujawahi kuwaona?"

Alikuwa amewaona. Wiki nzima alikuwa amewaona wanaume ishirini wakizunguka na vikombe mkononi kama kuku, na akadhani ni mzaha wao, au msimamizi mkali. Sasa pia alidhani ni mzaha. Mwanga ulikuwa unaondoka na yeye alikuwa na haraka, basi akasema ahsante mzee, akageuka.

Alimsimamisha kaka yake hatua tatu kutoka kwenye mwamba. "Mikono chini. Tazama mbele. Na hilo goti."

"Goti halina mwenyewe," Sisimizi alisema.

"Litafutie."

Picha tano za kwanza goti lilicheza. Kwenye ya sita, vidole. Kwenye ya kumi Mpimaji alikuwa tayari anaandaa matusi ya kirafiki. Kisha akainamia kioo cha simu, akahama hatua, akapiga, akahama, akapiga, na kazi ikamwingia kama inavyomwingia mtu anayeipenda. Tk. Hatua. Tk. Hatua. Alipofika mia moja ndipo akasikia kitu.

Au tuseme, ndipo alipoacha kukisikia.

Hakukuwa na tap-tap.

Aliinua macho. Kaka yake alikuwa amesimama. Goti limelala, vidole vimelala. Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabarani, lakini shati lake lilikuwa limening'inia wima, halipepei.

"Hongera!" alimpigia kelele. "Nitamwambia wifi!"

Bila shaka anajikaza, Mpimaji aliwaza, anataka kunionyesha. Akamaliza picha zake. Mia mbili na nane. Hewa ilikuwa imeanza kunuka jiwe bichi, ile harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, na mvua haikuwepo hata dalili.

"Basi, Kaka. Tumemaliza."

Hakugeuza hata kichwa.

"Kaka?"

Alimsogelea. Alimshika mkono, akauachia. Ulikuwa wa baridi kama sakafu ya bafu alfajiri.

"Kaka!"

Kope zikashuka. Zikapanda. Polepole, kama mtu anayesukuma mlango mzito. "Umemaliza?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Nimemaliza. Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Sisimizi aliendesha gari mpaka nyumbani. Njia nzima Mpimaji alitazama mguu wake wa kushoto, ule usio na kazi, ule ambao siku zote ulikuwa unapiga ngoma peke yake. Ulikuwa umekaa juu ya sakafu kama tofali.

*

Asubuhi kompyuta ilikuwa imemaliza kujenga. Mpimaji alimimina chai, akaketi dirishani, akaugeuza mwamba kwa kidole. Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Kila ufa, kila koga, kila kijishimo. Na mbele yake kaka yake, amejengwa mpaka vifungo vya shati. Watu hawajengeki vizuri hivyo. Hata anayejitahidi kutulia hupumua, huyumba, na programu humtoa akiwa na uso uliovurugika kama sabuni iliyokaa kwenye maji. Huyu alikuwa na kope.

Akageuza tena, aone upande wa mgongo wake, mahali ambapo mwamba uliingia ndani kidogo na kufanya kivuli.

Chai ikamtoka mdomoni.

Nyuma ya Sisimizi, wameegemea jiwe, walikuwa wamesimama wengine.

Hawakuwa wazi kama yeye. Mmoja alikuwa na mabega na kichwa. Mmoja alikuwa na koti, na begani kitu kirefu, labda jembe. Mmoja alikuwa mdogo wa kimo, mkono umeinuliwa kujikinga jua. Alihesabu saba, kisha akaacha kuhesabu kwa sababu kadiri alivyokaribia ndivyo jiwe lenyewe lilivyozidi kuwa na mabega. Alizifungua picha, moja baada ya nyingine, zote mia mbili na nane. Kwenye picha hakukuwa na mtu yeyote isipokuwa kaka yake. Jiwe tupu.

Simu ikalia, akaruka.

"Wifi," sauti ya mke wa Sisimizi ilikuwa chini chini. "Jana mlikwenda wapi na mume wangu?"

"Kazini. Kwa nini?"

"Njoo. Njoo sasa hivi."

Alimkuta wifi yake mlangoni, futi ya kupimia bado shingoni, macho yamevimba. Hakumsalimia. Alimvuta mpaka chumbani kwanza, akamwonyesha kitanda. Chaga mbili zilikuwa zimekatika katikati, upande wa mume.

"Alilala tu," wifi alisema. "Hakuruka, hakugeuka. Alilala, mbao zikalia. Wifi, mimi nimezoea kulala na ngoma. Nimekaa macho mpaka kunakucha, kimya hicho kimenitisha kuliko mwizi."

Sisimizi alikuwa ameketi mezani. Mbele yake kikombe cha chai kilikuwa kimejitengenezea utando. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imelazwa, viganja chini. Alitazama ukuta.

Nzi alikuwa anatembea kwenye jicho lake.

Si kwenye kope. Kwenye jicho.

Mpimaji alimfukuza yule nzi, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. "Kaka, ni mimi."

Ilichukua muda mrefu. Midomo ikaachana kidogo tu, na maneno yakatoka bila midomo kusogea tena.

"Nisitikisike," alinong'ona. "Bado anapiga."

"Nani anapiga? Mimi nilimaliza jana, Kaka. Nilimaliza."

"Siyo wewe." Pumzi. "Wa upande wa pili."

Wifi alianza kulia. Mpimaji alitoa kompyuta kwenye begi, pale pale sakafuni, akalifuta lile umbo. Akafuta na picha. Akafuta na nakala za picha, akamwaga na kapu la taka, huku akimtazama kaka yake usoni kama anayesubiri taa irudi.

Haikurudi. Nzi ndiye aliyerudi.

*

Mlinzi alimwona anakuja mchana ule na hakuuliza kitu. Alianza kutembea naye, kwenda na kurudi kando ya mitambo, kwa sababu hakuwa tayari kuzungumzia jambo hilo amesimama.

"Nilikwambia msitulie."

"Uliniambia kama mtu anayetania, mzee!"

"Ningekwambiaje? Ningekwambia ukweli ungenicheka, ungekaa hapo hapo makusudi. Nimewahi kuona." Alitembea. "Nilikuwa na mwenzangu wa zamu. Mtu wa kazi, hasinzii. Siku moja mgongo ukamuuma, akauegemeza pale kidogo. Kidogo tu. Tulimpeleka kwao anatembea kwa miguu yake. Siku ya tatu akaacha kumeza. Siku ya kumi na moja tukamzika, na tuliobeba jeneza tulikuwa wanane, tulilitua njiani mara nne."

"Ni nini kile? Ni jini? Kuna mtu amekitega?"

"Wapo wanaosema kuna mtu alikitega, enzi za babu wa babu, kulinda mpaka wa shamba lake. Wapo wanaosema kilikuwepo kabla ya mashamba. Mimi ni mlinzi, binti. Mimi najua kutembea."

Mpimaji alitembea naye, na woga wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ukaanza kumpa akili. Yeye hakuwa mganga. Hakuwa na hirizi wala ubani. Alikuwa na kazi moja tu aliyoijua, na kwenye kazi ile mtu akikosea hafuti. Kufuta hakubadilishi kitu kilichoko nje. Mtu akikosea, anarudia. Anakwenda palepale, saa ileile, anasimamisha kitu kinachotakiwa mahali pa kile kisichotakiwa, na anapiga upya juu ya kosa.

"Nikisimamisha fimbo," alisema. "Pale alipokuwa yeye. Na shati lake. Nikapiga zote tena."

Mzee alifikiri hatua kumi nzima. "Sijui. Hakuna aliyewahi kumdai." Kisha akamtazama miguuni. "Ila na wewe, unapopiga, husimami?"

"Kidogo. Nusu sekunde. Bila hivyo picha inatikisika."

"Mara ngapi?"

Aliutazama mwamba.

"Mara ngapi, binti?"

"Mia mbili na nane," alisema.

*

Saa kumi na moja na nusu fimbo ilikuwa imesimama, nyekundu na nyeupe, imekazwa kwa mawe hatua tatu kutoka kwenye mwamba. Juu yake alikuwa amelivisha shati la kaka yake, lile la jana, alilolivua wifi kwa kukata mishono kwa mkasi kwa sababu mikono haikukunjika. Barabara ilikuwa tupu. Mlinzi alikuwa mbali, anazunguka greda, koti lake linaonekana na kupotea.

Alijaribu kwanza kupiga akitembea. Asitulie hata kidogo. Tk, tk, tk.

Picha imetikisika, simu ikaandika. Rudia.

Akapunguza mwendo.

Picha imetikisika. Rudia.

Alikaza meno. Alimfikiria kaka yake amembeba mgongoni, akiruka ruka uani, akiimba upuuzi wa kutunga mwenyewe mpaka yeye anacheka na kamasi zake. Miaka mingapi alibebwa mgongo ule. Akasimama.

Tk.

Hakuna kilichotokea. Hatua. Akasimama. Tk. Hatua. Mguu ulikuwa wake. Hatua. Tk. Thelathini. Arobaini. Harufu ya jiwe bichi ilianza kumjia, akapumulia mdomoni. Sitini. Shati kwenye fimbo lilikuwa linapepea, na alilishukuru kwa kupepea.

Kwenye ya themanini lilitulia.

Upepo bado ulikuwepo. Aliusikia masikioni. Lakini shati lilikuwa limenyooka, mikono chini, na limejaa. Limejaa kifuani.

Tk, alipiga.

...tk.

Alidhani ni mwangwi. Hatua. Tk.

...tk.

Mwangwi hauchelewi hivyo. Sauti ile ilitoka ndani ya mwamba, kavu, ndogo, kama jiwe linalopoa baada ya jua. Kila akipiga, ilimfuata. Akiwahi, inawahi. Akichelewa, inasubiri. Kwenye kioo cha simu hakukuwa na chochote, jiwe tupu, fimbo, shati. Alikataa kuinua macho juu ya kioo. Alijiambia hesabu, hesabu tu, kazi ni hesabu.

Mia moja na kumi. Tk. ...tk.

Mia moja na hamsini. Alipotaka kunyanyua mguu wa kushoto ulichelewa. Ulikuja, lakini ulichelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

"Binti!" Sauti ya mzee kwa mbali. "Miguu! Chezesha miguu!"

Alichezesha. Alilia na kuchezesha. Mia moja na themanini. Ulimi ulikuwa mzito, una ladha ya chaki. Mia moja na tisini na tano. Sasa ile sauti haikumfuata tena. Ilikuwa inatangulia.

...tk.

Tk.

...tk.

Tk.

Mia mbili na nane.

Akageuka akakimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kama kukimbia ndani ya maji ya kiunoni, mpaka mzee akamfikia, akamkamata mkono, akamburuta kuzunguka greda, mara moja, mara mbili, mara tano, anamtukana ili damu imchemke. "Tembea, mjinga wewe! Tembea! Umesoma mpaka ukaharibika! Tembea!"

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa wifi, na alikuwa anapiga kelele.

"Sikiliza! Wifi, sikiliza!"

Akasikiliza. Kwa mbali, nyuma ya kilio cha wifi, kulikuwa na meza inapigwa. Tap. Tap-tap. Tap. Na sauti ya mwanamume inayolalamika kwamba nani amemkatia shati lake, na kwa nini nyumba hii haina chakula.

Mpimaji alikaa chini barabarani, akacheka huku machozi yanamtoka. Alikaa muda. Mzee akamwinua.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa wote mezani kwa Sisimizi, na nyumba haikutosha kwa kelele. Kaka mtu alikuwa amekula mkate mzima. Alipiga kijiko kwenye kikombe, akapiga sufuria, akamwinua mkewe akamzungusha mpaka futi ikamruka shingoni. Hakukumbuka kitu isipokuwa kwamba aliota anapangwa mstari na watu wasiosalimia. Wifi alicheka, akajifuta macho kwa kanga, akacheka tena.

Mpimaji alikuwa ameufungua mwamba mpya kwenye kompyuta, juu ya mapaja yake. Aliuangalia peke yake, akiwa amewageuzia mgongo. Fimbo ilikuwepo. Shati lilikuwepo, limetundikwa, ndani hamna mtu. Kaka yake hakuwepo popote, na alihema kwa furaha kubwa hata akashindwa kuona vizuri. Nyuma, kwenye kivuli, wale wengine walikuwa mahali pao, yule wa jembe, yule wa kujikinga jua.

Akageuza kidogo upande wa kulia, pembeni, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama.

Mwanamke. Wazi, safi, mpaka mikunjo ya sketi. Ameinamisha kichwa kidogo. Ameinua mikono yote miwili mbele ya uso, na mikononi ameshika kitu chembamba cha mstatili.

Hakuna simu inayompiga picha aliyeishika kwa mtindo ule, kutoka mbele, kutoka kwenye jiwe.

"Wifi," mke wa Sisimizi aliita. "Chai yako inapoa."

Alitaka kusema naja.

"Wifi? Mbona umetulia hivyo?"

Kijiko kiliacha kupiga. Viatu vya Sisimizi vilizunguka meza, vikaja mbele yake, na uso wa kaka yake ukashuka mpaka ukawa sawa na wake. Alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. Alipunga mkono mbele ya macho yake, taratibu, kama anayefukuza nzi.

"Hapana," alisema. "Hapana, mdogo wangu. Hapana."

Alimkamata mikono yote miwili, akaanza kuitikisa. Alimnyanyua kwenye kiti, na kiti kikalia, na mgongo wake ukalia kwa uzito aliounyanyua. Alimchezesha kama alivyokuwa akimchezesha uani, kulia, kushoto, akiimba ule upuuzi wake wa zamani kwa sauti iliyokatikakatika, na wifi akaja akamshika upande wa pili, wakamyumbisha wote wawili katikati ya chumba, kulia, kushoto, kulia.

"Cheza nami. Kidole tu. Nipe kidole kimoja."

Mungu anajua alitaka kumpa. Alimsikia kila neno. Aliliona jasho likimtiririka kaka yake, na miguu yake isiyojua kutulia ikifanya kazi ya watu wawili. Lakini kwa upande wa pili, karibu sana na sikio, kuna mtu alikuwa anahama hatua moja, anasimama, na kumwambia kwa upole asitikisike, bado kidogo.

...tk.